Kadi ya Benki Si Kadi ya Posho

Kila Jumapili, ibada ikiisha, lazima mmoja wenu anivizie pale mlangoni na simu mkononi. "Bibi, hii kadi imenikubali. Niichukue?" Nami inabidi nijibu nikiwa nimesimama, watu wanapita wananisukuma, goti linauma, na chakula kule chini kinaisha. Nimechoka. Leo nimekaa mezani nawaandikia, na nyinyi msome mkiwa mmekaa. Asiyeweza kusoma Kiswahili ampelekee mama yake amsomee. Najua mama akiwaita kwa Kiswahili mnaitika kwa Kiingereza, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Jibu langu, kwa mwenye haraka, ni hili: ukitaka kujenga krediti, yaani rekodi inayoonyesha unakopesheka, kadi yenye ada kubwa mara nyingi haina maana. Haya, mwenye haraka aende akale. Wengine bakini, kwa sababu siku mtu mwenye tai nzuri atakapowaambia mchukue, mimi sitakuwa hapo kuwavuta shati.

Wengi wenu mnanijua kama Mama Spesi wa kwaya, yule mkali anayewanyang'anya bazoka kabla ya kuimba. Kabla sijastaafu nilikuwa na kazi moja tu hapa Amerika. Nilianzia Louisville, South End, nikiwa mkalimani katika ofisi ndogo ya ushauri wa fedha kwa wageni. Nikahamishiwa Columbus, na mwisho Buffalo, ambako nilipewa meza yangu na wateja wangu. Warundi tuliokulia kambi za wakimbizi za Kigoma, Wakongo wa milima ya Kivu Kusini, wote walipita mezani kwangu wakiwa na kadi zao. Nyingine zilikuwa na picha ya tai, nyingine ya mlima, nyingine zimepakwa rangi ya dhahabu kama bangili za sokoni.

Aliyenifundisha kazi ni Misi Loreta, mama Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Louisville, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mteja akiweka mezani karatasi ya kadi, Misi Loreta alikuwa anaziba kwa kiganja ule upande wa juu wenye maandishi makubwa, anabakiza maandishi madogo ya chini. "Huko juu ni kwaya," alikuwa akisema. "Mahubiri yako huku chini." Halafu anauliza, nami natafsiri: kwa mwaka mzima, kabla hujanunua hata chumvi, hii kadi itakuwa imekula kiasi gani? Watu walikuwa wanacheka, wanadhani ni utani. Yeye hacheki. Anasubiri mpaka mtu ahesabu mwenyewe kwa mdomo wake.

Nikupeni mfano wa kadi ya miaka ile, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi hivi. Wanakuambia una dola mia tatu za kutumia. Siku ya kwanza kabisa wanakata sabini na tano, ada ya mwaka. Bado hujaigusa. Mwaka wa pili wanaongeza ada ya kila mwezi, eti ya kuitunza. Kuitunza nini? Ni plastiki, haili wala hailali. Na ukiwauliza kwa nini, wanasema unajenga krediti, mama.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Wale wanaotunza rekodi za mikopo hawaoni ada uliyolipa. Hawajui kama kadi yako ni ya bei ghali au ya bure. Wanachoangalia zaidi ni kama umelipa kwa wakati, umekuwa na mikopo kwa muda gani, na kadi imejaa kiasi gani siku kampuni inapofunga hesabu ya mwezi. Ada haimo. Umelipa sabini na tano, mwenzako hakulipa kitu, mkitumia kadi zenu namna moja rekodi zenu zinakua pamoja.

Ndiyo maana swali la pili la Misi Loreta lilikuwa: kuna kadi nyingine itakayofanya kazi hiyohiyo bila kukula? Na mara nyingi ilikuwepo. Pale pale South End kulikuwa na chama cha kuweka na kukopa ambacho unaweka dola zako mia mbili kama dhamana, wanakupa kadi ya mia mbili, haina ada ya mwaka, na siku ukiifunga huku hudaiwi, dhamana yako unarudishiwa. Watu hawakuipenda kwa sababu haikuwa na tai wala mlima.

Sisemi kila ada ni wizi, msije mkanisingizia. Columbus nilikuwa na kijana mmoja wa Reynoldsburg, mpanga bidhaa dukani, rekodi yake ilikuwa imeharibika vibaya kwa bili za hospitali, kila mahali wanamkataa, na dhamana hana. Kadi moja ikamkubali, ada yake ndogo. Tulihesabu pamoja, nikamwambia chukua, nunulia petroli tu, na kabla mwaka haujaisha toka. Alitoka. Huyo alijua anachonunua na alijua mlango wa kutokea uko wapi.

Sasa nije kwa Konsolata, maana yeye ndiye aliyenifanya nisiwe na subira na hizi kadi mpaka leo.

Konsolata alikuwa Mrundi mwenzangu, tumekulia kambi moja ingawa yeye mdogo kwangu. Kule Buffalo alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mumewe Bukuru alikuwa kwenye kiwanda cha kufungasha nyama. Walipanga nyumba ya mbao, ya zamani, huko West Side, ngazi zake zinalia kila ukikanyaga. Waliishi na mama mzazi wa Konsolata, Bibi Melania, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa.

Bibi Melania alikuwa amehamishwa maisha yake yote. Alikimbia akiwa msichana, akarudishwa, akakimbia tena, kambi ikafungwa wakampeleka nyingine, halafu ndege, halafu apatimenti ya kwanza yenye kunguni, ndipo hiyo nyumba. Na hiyo nyumba alijifunza kwa mikono. Alijua ngazi gani imelegea, alijua mlango wa jikoni unabana ukivuta upande, alijua jiko kwa joto lake. Asubuhi alikuwa anajipikia uji peke yake, na ole wako umsaidie. Mtu asiyeona, anajipikia uji! Konsolata akitoka kazini anakuta mama yake ameosha hadi sufuria.

Basi mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, akawaambia anahamia kwa binti yake mahali pa joto. Nyumba anaiuza. Atawauzia wao kwanza kama watapata mkopo kabla majira ya joto hayajaisha, la sivyo ataweka kibao cha kuuza mbele ya nyumba na anayekuja aje. Bei haikuwa mbaya, nyumba za West Side miaka ile bado zilikuwa za watu wa kawaida. Wakaenda kwenye chama cha kuweka na kukopa. Mshahara ulitosha. Krediti haikutosha. Wakaambiwa warudi ikipanda.

Nilipofika kwao siku ile kulikuwa na theluji hadi magotini. Bibi Melania alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, ili binti yake asisikie: "Spesi, wakinihamisha tena mimi nitakaa kitandani tu. Sina nguvu ya kujifunza ukuta mwingine." Niliumia. Niliapa moyoni kwamba huyu bibi hatoki humu ndani, na mimi nikishaapa nakuwa mbaya, waulizeni wanangu.

Sebuleni nikamkuta Fabrice. Huyu alikuwa kijana wa Kikongo, Mnyamulenge, wa kanisani kwetu, mfanyakazi wa ghala, mwenye maneno matamu na viatu safi hata kwenye matope. Kumbe Konsolata alikuwa na kadi mbili tayari, zote za ada kubwa, na zote Fabrice ndiye aliyemtafutia. Sasa ameleta ya tatu.

"Mama Spesi, karibu! Unakuja saa ya muzuri," akaniambia. "Hii carte iko na limite mukubwa. Bon, kuna frais kidogo ya mwaka, lakini krediti itapanda mbiombio."

"Kidogo ni ngapi?"

"Ni kidogo tu, mama."

"Fabrice, nimekuuliza ngapi, sijakuuliza ukubwa."

Akataja. Nikapiga ukelele, Bibi Melania akaita kutoka jikoni kuuliza nani ameungua.

"Na wewe wanakupa nini kwa kila mtu unayemleta?" nikamuuliza.

Hakuficha, nampa haki yake. "Banaweka dola kidogo kwa carte yangu. Donc ni mubaya? Na mimi niko nayo hii hii. Mimi siuzie batu kitu situmie."

Bukuru alikuwa upande wake. Aliniambia kuwa kila kitu Amerika kina ada, hata taka unalipia zichukuliwe, kwa nini krediti iwe ya bure? Kwake ada ilikuwa kama dawa chungu, ukiona inauma ujue inafanya kazi. Nikamwambia hata jino bovu linauma, Bukuru. Akacheka kidogo, lakini hakukubali.

Nikamwomba Konsolata anionyeshe anavyotumia hizo mbili alizo nazo. Nilitegemea kukuta madeni, kuchelewa, riba. Thubutu! Alikuwa analipa zote, kila mwezi, mpaka senti ya mwisho, hajawahi kuchelewa hata siku moja. Nikashangaa. Mtu analipa hivi, mbona krediti imelala?

"Na unanunulia nini?"

Akanishika mkono, tukashuka ngazi za chini ya nyumba. Akawasha taa. Wanangu, nilifikiri nimeingia bohari la Mwarabu. Magunia ya mchele yamepangwa hadi dirishani. Mafuta ya kula, maharage, chumvi, unga, sabuni za kufulia za kutosha ukoo mzima na wakwe zao. Kona moja kulikuwa na dawa za meno mpaka nikacheka, maana Bibi Melania hana hata jino.

"Konsolata, unafungua duka?"

Akaona haya. "Hapana, dada. Ni ya kadi. Kila mwezi nachukua yote mpaka iishe."

"Kwa nini mpaka iishe?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mgeni. "Usipochukua si watakukata?"

Nilikaa juu ya gunia. Mshauri mwingine yeyote angemwona mjinga, lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye foleni ileile. Nyinyi mliozaliwa huku hamjui, ngoja niwaambie. Kambini, siku ya posho, ile ya mgao wa chakula, unakwenda. Una homa, unakwenda. Umejifungua jana, unabebwa, unakwenda na kadi yako. Mtu asiyetokea kuchukua posho yake wanaona hayupo, na asiyekuwepo anafutwa, na aliyefutwa watoto wake wanakula kwa nani? Mama yangu alichukua posho siku aliyomzika kaka yangu. Hakuna aliyemlaumu. Tulifundishwa hivyo tangu tuko mgongoni: kadi ukipewa, chukua yote, kila mara, usiache hata punje.

Konsolata alikuwa anafanya kama tulivyofundishwa. Anajaza kadi mbili mpaka juu, kampuni inafunga hesabu, inatuma habari kwamba huyu mama kadi zake zimejaa pomoni, ndipo yeye analipa yote. Mwezi unaofuata hivyohivyo. Kule kwenye rekodi alionekana mtu aliyezama mpaka kidevuni, anayeishi kwa kadi. Na bado analipa ada. Alikuwa ananunua kwa bei kubwa kitu kilichokuwa kinamrudisha nyuma.

Nililia pale pale juu ya mchele. Naye akalia, ingawa hakujua kwa nini mimi nalia. Halafu nikafuta kamasi nikamwambia twende juu, kazi inaanza sasa.

Nilivuta rekodi yake na ya mumewe. Nikawaonyesha jambo ambalo Fabrice hakuwaambia, kwa kuwa naye hakulijua. Waulizeni wazazi wenu, tulipoletwa huku si tulipewa mkopo wa tiketi za ndege? Ule tuliokuwa tunalipa kidogo kidogo kila mwezi huku tunalalamika? Kumbe ule unaandikwa. Konsolata na Bukuru walikuwa wameulipa wote, miaka, bila kuruka mwezi. Ndiyo iliyokuwa rekodi yao nzuri kuliko zote, na ilikuwepo kabla ya kadi yoyote ya tai.

"Krediti mnayo tangu siku nyingi," nikawaambia. "Mnaifunika na mchele."

Mpango ulikuwa mwepesi kusema. Kadi ya tatu, hapana. Zile mbili, hakuna kujaza. Moja italipia simu ya Bukuru tu, na italipwa siku kadhaa kabla ya kampuni kufunga hesabu, si baada. Nyingine, ile mbaya zaidi ambayo mwaka wa pili ingeanza ada ya kila mwezi, ilipwe yote, ikae kabatini, na ada ya mwaka ikikaribia tuifunge. Pesa iliyokuwa inageuka sabuni iende kwenye akaunti ya nyumba, na ikishaingia haiguswi, maana chama kitataka kuiona imetulia.

Konsolata aliniitikia kwa kichwa, lakini mwezi wa kwanza ulimtesa. Alinipigia simu akiwa dukani, anapumua kwa nguvu. "Dada, mwezi unaisha na sijachukua kitu. Nina hofu. Najua ulichosema, lakini mwili hausikii." Nikamwambia weka kikapu chini, toka nje, nenda nyumbani. Akaniambia nisikate simu. Sikukata. Nilimsikia akipanda basi, nikamsikia akimsalimia dereva, mpaka akafungua mlango wake.

Siku hizi mna simu zinazowaonyesha kila kitu kwa kidole. Wakati ule kufunga kadi ilikuwa vita. Unapiga, unapigiwa muziki, unahamishwa, muziki tena, anakuja mtu mtamu anakuuliza kwa nini unaondoka, mama, tukupunguzie? Mbinu ni moja: kila wakikuuliza swali, jibu lako lisibadilike. "Naomba uifunge." Unaendeleaje leo? "Naomba uifunge." Tukupe zawadi? "Naomba uifunge." Nilimfundisha Konsolata aseme mwenyewe, kwa Kiingereza chake, na alipomaliza alirusha mikono juu kama amefunga goli. Ile ya kabatini ikafungwa kabla ada haijapiga. Nayo ile ya simu tukaomba waitoe ada, wakatuhamishia kadi yao nyingine isiyo na ada. Usipoomba hawakupi, wala hawakuambii kama ipo.

Ndipo msiba ukaingia. Baba yake Fabrice alifariki Reynoldsburg, kule Ohio.

Mnajua kwetu msiba ukitokea hakuna cha huyu anaishi mbali. Watu wa Louisville wanawasha magari, wa Buffalo wanawasha magari. Na mnajua bahasha. Kila familia inatoa bahasha, katibu anaandika, na siku ya mwisho anasimama anasoma majina na kiasi mbele ya wote. Konsolata na Bukuru hawakuwa na kitu mkononi. Pesa yote ilikuwa kwenye akaunti ya nyumba, na afisa wa mikopo alikuwa ameshasema wiki ile ile ataangalia rekodi zao upya. Na marehemu ni baba wa nani? Wa Fabrice, ambaye walikuwa wamemkatalia kadi. Wasipotoa, kanisa zima litasema wana kinyongo.

Tulikuwa twende kwa gari langu. Nilipofika kuwachukua, Bukuru alikuwa amesimama kwenye mashine ya pesa, pale dukani kwenye kona, na ile kadi ya simu mkononi. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ile maana yake ni ada papo hapo, riba kuanzia siku hiyohiyo, na kadi kuonekana imejaa wiki ambayo haikutakiwa kujaa. Nilitaka kushuka nimkamate mkono. Konsolata, aliyekuwa akija mbio kutoka nyumbani, akanitangulia.

"Bukuru, acha."

"Unataka tusomwe sifuri mbele ya watu? Mimi mwanaume nitakaa wapi?"

"Utakaa karibu na mimi."

"Ni aibu, Konsolata!"

"Ni aibu, ndiyo. Mama akikaa kitandani mpaka afe hiyo ni aibu kubwa zaidi."

Nilikuwa na noti zangu mkobani, nikamnyooshea Konsolata. Akazikataa. Alisema wakisoma jina lake wasome lake, si langu. Halafu akasimama kidogo, akafikiri, akageuka kurudi nyumbani akikimbia kwenye barafu. "Fungua buti la gari!" akanipigia kelele.

Tulijaza gari mpaka tairi zikakaa. Mchele, maharage, mafuta, sabuni, chumvi. Mimi niliendesha mpaka Ohio na gunia la unga linanisukuma kisogo.

Msibani watu walikuwa wengi, apatimenti ndogo, viatu vimejaa hadi kwenye ngazi. Wengine walipoona tunashusha magunia walinong'ona, eti msibani mtu analeta bahasha, nani analeta dawa ya meno? Siku ya mwisho katibu akasoma majina. Alipofika kwa Bukuru na Konsolata akasita, akageuza karatasi.

Konsolata akasimama. "Soma hivyohivyo, ndugu katibu. Hatuna bahasha. Tunatafuta nyumba ya mama yangu na kila dola imefungwa huko. Tumeleta chakula na mikono yetu, na tutabaki mpaka mgeni wa mwisho aondoke."

Bukuru alikuwa anaangalia zulia. Fabrice akainuka pale alipoketi na wazee, akiwa na macho mekundu, akasema: "Kwa ile siku zote batu banakula hapa, muchele ulitoka wapi? Si kwa hawa? Katibu, andika hivi: balilisha batu ya baba yangu." Akakaa. Konsolata akaenda jikoni, akafungulia bomba kwa nguvu ili tusisikie analia.

Usiku wa kuondoka Fabrice alitusindikiza hadi garini. Aliniuliza taratibu hiyo ya kulipa kabla ya hesabu kufungwa inakwendaje. Nikamweleza pale pale, kwenye baridi, kwa kirefu. Ile ya kuleta watu aliiacha, na kadi yake aliifunga kabla ya mwaka kwisha.

Nisiwachoshe. Ukaguzi na makaratasi vilikula miezi, na majira ya joto yalipoanza tuliitwa na afisa wa mikopo. Mimi nilikaa katikati kutafsiri. Akaangalia skrini yake, akasema krediti imepanda, imepita pale ilipohitajika. Nikafungua mdomo nitafsiri. Konsolata alikuwa ameshaelewa, amemshika mumewe shingoni mpaka tai ya Bukuru ikapinda.

Kwa hiyo ukija kwangu Jumapili na picha ya kadi, usiniulize kama ni nzuri. Njoo umeshaziba maandishi ya juu. Njoo unajua inakula kiasi gani kwa mwaka, unajua kama kuna ya bure inayofanya kazi hiyohiyo, na unajua unaitaka kwa ajili ya nini hasa. Ukikosa jibu la hilo la mwisho nitakurudisha ukaimbe kwaya.

Siku walipotia saini na kupewa funguo tulirudi West Side wote. Bibi Melania alikuwa jikoni. Konsolata akapiga magoti mbele yake, akamwekea funguo kiganjani.

"Mama, nyumba ni yetu."

Bibi hakupiga vigelegele. Akazipapasa zile funguo moja moja. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ameenda kwa binti yake."

"Na akirudi?"

"Akirudi atabisha hodi, mama. Kama mgeni mwingine."

Bibi Melania akaomba nyundo na msumari. Mkataba wa kupanga ulikuwa umekataza kutoboa kuta, na picha ya marehemu mumewe, aliyotembea nayo kambi zote hizo, ilikuwa inalala chini ya godoro lake. Akaenda chumbani kwa kupapasa, akapima ukuta kwa kiganja juu ya kitanda, akaweka msumari, akapiga. Akajigonga kidole. Plasta ikamwagika hadi kwenye mto wake wa kulalia. Bukuru akanyoosha mkono amsaidie, bibi akamchapa kofi la mkono.

"Toka! Ukuta wangu huu. Nikiuharibu, nimeuharibu mimi."

Akagonga tena.